Omba Kufundishwa, Usiombe Ruhusa

Mwanangu, swali lako limenifikia na limenipendeza. Unatunza maktaba ya chuo hapa Baraka, ulisomea ukutubi, na sasa moyo umekuvuta kwenye Ziwa Tanganyika: unataka kuchunguza kwa nini ndagala, samaki wetu wadogo, wanapungua. Wenzako wamekuambia hilo si lako, ni la wataalamu wa Uvira. Wewe ni bibliotekere, wanasema, kazi yako ni kupanga vitabu na kuwadai waliochelewa kuvirudisha. Umeniuliza kama unaruhusiwa. Nakujibu wewe, lakini nawasemea na wengine, maana kutoka hapa hadi Uvira na Bukavu wako vijana wa maktaba wenye swali kama lako, na wengi wamelimeza.

Hakuna ofisi inayotoa ruhusa ya kutaka kujua. Hilo liishe hapa. Unachokosa ni mafunzo, na mafunzo huombwa kwa mtu anayejua, kwa adabu na kwa uvumilivu. Ukichanganya ruhusa na mafunzo utapotea kwa njia moja kati ya mbili. Ama utakaa miaka yote ukingoja barua ya mkuu wa chuo isiyokuja, ama utajitosa bila mwalimu na kuandika mambo ambayo mvuvi wa Mboko akisomewa atatikisa kichwa.

Najua kinachowafunga. Katika vyuo vyetu vya Kongo wafanyakazi wamegawanywa: upande mmoja maprofesa na watu wa sayansi, upande wa pili PATO, yaani watu wa utawala, ufundi na kazi za mikono. Mkutubi mara nyingi huhesabiwa katika PATO. Mgawanyo huo una maana yake katika mishahara na vyeo, na hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale unapomwingia kijana kichwani akaamini kwamba akili yake nayo imewekewa daraja. Asistanti anakuja kwako kutafuta makala. Ni wewe unayezipata, unayemwonyesha zipi zimepitwa na wakati na zipi zinapingana. Kisha yeye anakwenda kuandika na wewe unabaki na rafu zako. Umeshafanya sehemu ya uchunguzi bila kujihesabia. Sehemu iliyobaki ni ngumu zaidi, sikudanganyi, lakini wanaoiweza ni watu kama wewe.

Mtu aliyepima mzingo wa dunia alikuwa mkutubi. Eratosthenes aliisimamia maktaba kuu ya Aleksandria, huko Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alipata habari kwamba Syene, ndiyo Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua husimama wima juu ya vichwa na vitu havina kivuli. Aleksandria saa hiyohiyo kivuli kilikuwapo. Akaipima pembe yake, akaona ni sehemu moja ya 50 ya duara, akauzidisha umbali kati ya miji hiyo miwili mara 50. Inasimuliwa kwamba watu wa zama zake walimpachika jina la Beta, herufi ya pili, kwa kuwa katika kila elimu walimwona wa pili. Wanaokukatisha tamaa leo hawakuanza wao.

Lakini Aleksandria ni mbali na zamani. Ninayetaka umfahamu vizuri ni Shiraz Durrani, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa profesa wa historia. Alichunguza maisha ya Pio Gama Pinto, mwanahabari na mwanasiasa aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, na mwaka 1984 akayaandika katika gazeti la The Standard. Polisi wa usalama wakamhoji, na ikambidi akimbilie Uingereza. Huko alibaki katika kazi ya ukutubi, akafundisha London Metropolitan University, na swali lake hakulitupa. Mwaka 2006 kikatoka kitabu chake Never Be Silent, juu ya uchapishaji na ubeberu nchini Kenya kati ya 1884 na 1963. Mwaka 2018 kikatoka kitabu kizima juu ya Pinto, zaidi ya miaka 30 tangu zile makala zilizomfukuzisha kwao.

Tazama alipoingilia. Hakuanza kwa kuwania kiti cha wanahistoria. Aliingia kwa kitu ambacho mkutubi anakijua kuliko mwanahistoria: magazeti, vijarida, vikaratasi vya wapigania uhuru, nani alichapa, nani alipiga marufuku, nakala zilifichwa wapi. Hapo ndipo ufundi wake mwenyewe ulipomfaa, na kutoka hapo akalifikia jambo kubwa zaidi. Nawe fanya hivyo. Ukitaka kuingia katika elimu ya watu wengine, tafuta kwanza kipande cha elimu hiyo ambacho kazi yako imekupa macho ya kukiona.

Wewe kipande hicho unacho, na kimejaa vumbi. Nazungumzia zile TFC na memwari, kazi za mwisho za wanafunzi, zilizofungwa kwa jalada la plastiki na kulundikwa mpaka dari. Katika vyuo vya Kongo hili ndilo rundo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosomwa kidogo kuliko yote. Mwanafunzi aliandika juu ya bei ya samaki Sebele, mwingine juu ya mihogo ya Lulenge, mwingine juu ya wachimba dhahabu wa Misisi na zebaki wanayoishika kwa mikono mitupu. Alitetea kazi yake, akapigiwa makofi, akaondoka, na kitabu chake kikalala. Nyingi zina makosa, najua, na nyingine zimenakiliana bila haya. Lakini ndani yake zimo hesabu ambazo Brussels haina wala Kinshasa haina: mitumbwi mingapi ilikuwa kwenye mwalo fulani mwaka fulani, beseni la ndagala liliuzwa kwa faranga ngapi, msimu gani taa za kuvulia usiku zilibaki nyumbani. Zikusanye zote zinazohusu uvuvi katika sekta nne za teritwari yetu ya Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Zipange kwa miaka. Andika kila moja ilipata wapi hesabu zake, na ipi imemnakili nani. Kazi hiyo peke yake ni mchango wa kweli, na mwanabiolojia hawezi kuifanya kukushinda, kwa kuwa hana mazoea yako ya kujua maandishi yalikotoka.

Kisha somo la ziwa lenyewe. Hapa ndipo utakapoomba kufundishwa. Uvira wana kituo cha hidrobiolojia, CRH, kilichorithi kazi ya watafiti wa IRSAC, ile taasisi ya enzi za Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947. Nenda kwao na swali moja lililoandikwa vizuri. Ukifika na maswali 20 watakuona mpita njia. Mwambie mtaalamu: mimi ni mkutubi, nina TFC hizi, sijui kupima maji, nionyeshe hesabu hizi zinaweza kusema nini na haziwezi kusema nini. Mtu anayependa kazi yake hamfukuzi mgeni wa namna hiyo. Akikufukuza, tafuta mwingine.

Atakachokufundisha ni kama hivi. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji hayo, kuanzia mita mia moja au mia mbili kwenda chini, haina oksijeni. Huko chini ndiko iliko rutuba. Wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huyasukuma na kuyavuruga maji, rutuba ikapanda, mwani ukastawi, vijidudu vya majini vikala mwani, ndagala wakala vijidudu, mikebuka wakala ndagala, na sisi tukawala wote wawili. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanaketi juu ya yale ya baridi kama mfuniko juu ya sufuria, na upepo unashindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo ungeweza kuwapunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka huohuo Piet Verburg na wenzake waliandika katika Science juu ya joto hilohilo.

Ungesoma makala hizo mbili tu ungetoka mbio hadi sokoni kutangaza kwamba joto ndilo lililokula samaki wetu. Subiri. Watafiti wengine waliwajibu, wakasema idadi ya wavuvi, nyavu na taa inaeleza upungufu wa mavuno kuliko joto linavyoueleza. Mabishano hayo hayakwisha siku moja. Mtu wa nje ya elimu fulani huangukia hapa: anakutana na makala ya kwanza yenye jina kubwa, anaiamini yote, hajui kwamba kuna jibu lililoandikwa baadaye mahali pasipo na jina kubwa. Lakini wewe ulifundishwa kuifuata makala mbele na nyuma, nani aliitaja, kwa kuikubali au kwa kuikataa. Tumia ufundi huo kwa faida yako kama unavyoutumia kwa faida ya asistanti.

Na usiniambie kwamba makala hizo ni za kulipia. AGORA, inayohusu kilimo na uvuvi, ilianza mwaka 2003. HINARI, ya afya, ilianza 2002. Zote ziko chini ya Research4Life, na Kongo imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake husoma bila malipo zikijiandikisha. Katika vyuo vingi anayejiandikisha na kutunza neno la siri ni nani? Ni mkutubi. Ziko pia African Journals Online kwa majarida ya Afrika, na Persée kwa majarida mengi ya zamani ya Kifaransa. Konekshoni ya Baraka naijua, na umeme naujua. Pakua usiku mtandao unapotulia, weka kwenye diski, chapa zile utakazozihitaji kweli. Uniti za simu zitakugharimu, na hakuna atakayekurudishia. Lijue hilo tangu mwanzo ili lisije likawa uchungu baadaye.

Mwalimu wako wa pili yuko ufukweni, na hana cheti. Usimwendee asubuhi akiwa anauza, wala jioni akiwa anaandaa taa. Nenda zile siku ambazo mwezi ni mkubwa, taa hazivuti samaki na mitumbwi inapumzika. Wakati huo anashona nyavu na ana muda. Mwulize alichokiona mwenyewe, usimwulize anachodhani. Mwulize mwaka ambao alianza kuvua, na alikuwa akienda umbali gani kutoka nchi kavu. Mtu mzima wa Ubwari anaweza kukuhesabia misimu kwa vita, kwa mafuriko, kwa mwaka mtoto wake alipozaliwa. Wewe ndiye wa kuzigeuza kuwa tarehe, kwa kulinganisha na hati. Unapoandika usimfiche nyuma ya maneno "chanzo cha kienyeji". Kama amekubali, mtaje kwa jina lake.

Ninasisitiza hilo kwa sababu ya mtu mwingine aliyechunguza nje ya kazi yake, tena katika milima yetu hii. Alexandre Prigogine alikuwa mtu wa madini, akifanya kazi katika migodi ya Kivu. Ndege alijifunza kando ya kazi, na akawa mjuzi mkubwa kuliko wote wa ndege wa Itombwe. Mwaka 1951 bundi wa aina isiyojulikana alipatikana Muusi, katika milima hiyo ya Itombwe. Mwaka uliofuata mwanazoolojia Schouteden akamwandika katika sayansi na kumpa jina la Prigogine. Bundi huyo hakuonekana tena na wataalamu mpaka 1996, aliponaswa mwingine katika milima hiyohiyo. Prigogine namheshimu kwa moyo wote. Mtu aliyetumia nafasi zake za mapumziko kuujua msitu wetu, na akaandika mabuku juu ya ndege wake, hakuiba kitu. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kuujua msitu ule bila wawindaji wa pale, na majina ya wawindaji hao sisi watoto wa Fizi hatuyajui. Bundi ana jina la mtu wa madini. Wewe ni wa hapahapa, huna udhuru wa kuyasahau majina.

Sasa nisikilize vizuri zaidi, maana kuna mwenzako mwingine ambaye havutwi na samaki. Yeye anataka kuandika historia ya vita. Ninamwambia yeye kupitia kwako.

Historia ya Fizi ina vishawishi vingi. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashukia Kibamba akiitwa Tatu, akaondoka Novemba. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa njia ya maji. Miaka miwili baadaye Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake, PRP, katika milima ya Fizi. Wakubwa hao wameandikwa sana. Che aliandika mwenyewe, Hoare aliandika mwenyewe, na mtafiti Benoît Verhaegen alikusanya habari za Uvira na Fizi katika buku la kwanza la Rébellions au Congo, mwaka 1966. Wasioandikwa ni mama zetu waliopanda milimani na watoto mgongoni, na waliolima usiku ili wapiganaji wapate kula. Wanaokumbuka bado wako, lakini kila mwaka tunawazika baadhi yao. Mkutubi anayetaka kuwa mwanahistoria aanze na hao, mwaka huu, asingoje.

Ila karibu na zama zetu moto bado uko chini ya majivu. Mbembe, Mbuyu, Mfuliiru, Mnyamulenge, kila mmoja ana wafu wake na ana hadithi yake, na kila upande utafurahi kumpata kijana mwenye karatasi za chuo wa kuipiga muhuri hadithi hiyo. Mtu aliyesomea historia amefundishwa kujilinda na mtego huu, hata kama wengine wao wameuingia kwa miguu yao. Wewe hukufundishwa, kwa hiyo jiwekee sheria ngumu kuliko yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003 inaeleza matukio 617, na kwa kila tukio walidai vyanzo visivyopungua viwili visivyotegemeana. Shika hiyo. Binamu wawili waliosikia kwa mjomba mmoja ni chanzo kimoja. Hapa, tofauti na kwa mvuvi, jina la msimulizi linaweza kumletea mauti, kwa hiyo funga majina mahali salama na usiyachapishe. Na kama hujapanda Minembwe na hujakaa na wakimbizi, andika waziwazi katika ukurasa wa kwanza kwamba umesikiliza upande mmoja. Kama huna ujasiri wa kuandika hivyo, hamia kwenye samaki. Nasema kwa upendo. Kitabu kibaya cha historia katika nchi hii kinaweza kuua watu ambao mwandishi hatawaona kamwe.

Meza yako usiiache. Mwanafunzi aliyetembea kutoka Nundu kuja kusoma asikute mlango umefungwa kwa sababu mkutubi yuko ziwani akifanya utafiti. Ukimnyima huyo mmoja, wale wanaosema hii si kazi yako watakuwa wamesema kweli. Uchunguzi wako utakula jioni zako na siku za mapumziko, na utakuwa wa polepole. Mume au mke naye ana haki yake, zungumzeni kabla, si baada ya pesa za chakula kugeuka karatasi.

Profesa akikuomba umfanyie kazi ya kutafuta makala zote, azisome yeye na aandike peke yake, mwulize mapema jina lako litakaa wapi. Kuuliza hivyo si kukosa heshima. Likiulizwa mwanzoni, kwa sauti ya kawaida, mbele ya chai, huwa jepesi. Likiulizwa baada ya kitabu kutoka huwa kesi. Na wewe ukisaidiwa na mwanabiolojia kusoma zile hesabu, jina lake liwe kando ya lako.

Anza na TFC za uvuvi. Usiahidi kitabu. Ahidi orodha iliyopangwa vizuri na kurasa 15 za maelezo, kwa Kifaransa kwa ajili ya wenzako wa vyuo, na kurasa nyingine 4 au 5 za Kiswahili kwa ajili ya ufukwe. Nakala moja ibaki katika maktaba yako, moja ipelekwe kituo cha Uvira, moja chuo kimojawapo cha Bukavu ili vita au mafuriko yakitukuta hapa isipotee yote. Ile ya Kiswahili wapelekee wavuvi kwa mkono wako, uwasomee, na kalamu iwe tayari, kwa sababu watakusahihisha. Masahihisho yao yaingize kabla nakala za Uvira na Bukavu hazijaondoka Baraka. Nami niletee kurasa za kwanza mara tu utakapokuwa nazo. Miwani ninayo, na jioni zangu zina nafasi.